Mlango wa Nyuma au wa Ubavuni: Safari ya Ntheo Hadi Mwingi

Tangu turudi kutoka Mwingi, kila mwanachama wa chama chetu anayepita mlangoni kwangu hapa Baba Dogo ananiuliza jambo lile lile: mlichagua mlango upi, na kwa nini? Nikimweleza, anakwenda kumweleza mwingine, na huyo anatia chumvi. Juzi nimesikia kwamba kule ukweni nilipitishwa dirishani kama godoro. Sikupitishwa dirishani. Nayaandika mambo yalivyokuwa, msome nyote, kisha mniache nipumzike.

Kwa wale wageni katika chama: mimi ni Mama Mumo. Miguu yangu iliacha kazi nilipougua uti wa mgongo, na sasa natembelea kiti cha magurudumu. Ndugu na watoto walituchangia gari la abiria, kuukuu lakini zima, ila halikuwa na pa kuingizia kiti. Hamisi, fundi wa magari mzaliwa wa Majengo, ndiye angelikata na kulitia daraja la chuma la kupandia. Swali lilikuwa akate wapi, nyuma au ubavuni. Chuma si kitambaa. Huwezi kufumua mshono ukaanza upya, kwa hiyo mlango utakaokatwa ndio nitakaoingilia na kutokea maisha yangu yote yaliyobaki.

Mume wangu, Baba Mumo, aliyekuwa dereva wa lori, alitaka wa nyuma na hakutaka mjadala. Mwanangu Mumo alitaka wa ubavuni. Mimi nilinyamaza, na wanaonijua wanajua kwamba nikinyamaza kuna jambo. Kwa kuwa tulikuwa na safari ya kwenda kutoa ntheo ya Mumo, wale mbuzi ambao kwetu Ukambani hutufanya tuseme sasa huyu ni mke wa mtu, Baba Mumo alikodi magari mawili ya Hamisi. Moja lina mlango wa nyuma, jingine wa ubavuni. Tungejaribu yote mawili, na tukirudi tumpe fundi jibu.

Baba Dogo hadi Majengo

Tulianza na la nyuma, na lazima niseme ukweli: pale nyumbani lilinifurahisha. Ploti yetu mnaijua. Upande mmoja ukuta wa kiwanda, upande wa pili kibanda cha mboga cha Mama Atieno, na katikati nafasi ya gari moja tu tena likiwa limekunja vioo. Baba Mumo alirudi kinyumenyume hadi mlangoni, akashusha daraja, akanisukuma ndani peke yake bila kumwita mtu. Mama Atieno alipiga makofi akiwa ameshika sukuma wiki.

"Umeona?" Baba Mumo akaniambia. "Hakuna kubebwa na vijana wa mtaa tena."

Nikakubali kwamba nimeona.

Majengo tulikwenda kumchukua wifi yangu Syombua, dada ya Baba Mumo, ambaye alikuwa amemaliza kununua zawadi soko la Gikomba. Hamisi naye alitungojea huko na gari lake la ubavuni, lililokuwa limejaa wazee na akina mama wa kanisa. Mikokoteni ilikuwa imelibana huku na huku, na kama ningekuwa ndani yake nisingeweza kutoka hata moto ukiwaka. Baba Mumo alinitazama kwenye kioo. Alijua nimeona hilo pia.

Syombua hasalimii mtu kabla ya kupanga mzigo. Alifungua mlango wa nyuma, akaniona nimekaa, akaona nyuma yangu pana nafasi, na moyo wake ukatulia. Mablanketi ya mama mkwe yakaingia. Beseni zikaingia, bunda la sukari, kreti za soda, jembe jipya, sufuria kubwa ya kupikia harusi. Hakuna Mkamba anayekwenda ushago, yaani kijijini kwao, akaacha nafasi tupu ndani ya gari.

"Wifi, na mimi je?" nikamwuliza.

"Wewe si umeshaingia?" akanijibu, akafunga mlango kwa nguvu.

Majengo hadi Matuu

Hamjaniuliza habari ya barabara ya Thika, kwa sababu kila mtu anaijua. Mimi nawaambia habari ya kiti cha nyuma. Katika gari lile, kiti changu kilifungwa nyuma ya wote. Mbele alikuwa Baba Mumo akiendesha na Mumo kando yake, katikati Syombua na mjomba wao mmoja mzee, kisha mimi, kisha sufuria. Waliongea na kucheka tangu Pangani. Nilikuwa nawaona mabega yanavyotikisika, lakini maneno yalikuwa yananifikia vipande vipande. Nikisema kitu, hakuna aliyegeuka.

Nikataka kujua kinachochekesha. Nikatoa simu, nikampigia mwanangu.

"Mathe, uko wapi?" Mumo akauliza kwa haraka, kama kwamba wameniacha Majengo.

"Niko nyuma yako. Mnacheka nini?"

Gari zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka pia. Lakini nikiweka simu mkobani nilihisi upweke ambao sikuutarajia siku kama ile. Mtoto wangu anakwenda kuoa, na namsikia kwa simu akiwa mbele yangu, umbali wa mikono miwili tu.

Tulipofika Matuu, chai niliyokuwa nimekunywa asubuhi ikadai haki yake. Nilivumilia hadi nikashindwa. Nikapiga simu tena.

Basi, ili nitoke, Gikomba yote ilibidi itoke kwanza. Walishusha sufuria, beseni, jembe, kreti, wakavipanga kando ya barabara chini ya mti, na mablanketi Syombua akayatandaza juu ya kreti yasiguse vumbi. Wauza maembe wakatukimbilia. Walipoona vitu vimepangwa vizuri namna ile, wakaacha maembe yao wakaanza kuchagua.

"Hili blanketi mnauza aje?" mama mmoja akauliza, ameshalikunjua.

"Haliuzwi! Ni la mkwe!" Syombua akafoka.

"Haya, niambie bei ya mkwe."

Wakati Syombua anapigania blanketi huku, kule mzee mmoja alikuwa amebeba jembe begani akiulizia nani wa kulipwa. Mumo alimfuata akimwomba kwa adabu, "Mzee, hiyo si ya biashara, ni ya kupeleka ushago kwa madam wangu." Mzee akasema yeye hana neno na madam, anataka jembe. Mimi wakati huo nilikuwa nimebakia ndani ya gari, mlango wazi, barabara nzima ikinitazama, na daraja halijashuka kwa sababu bunda la sukari lilikuwa limelikalia.

Nilicheka baadaye. Pale sikucheka. Niliona aibu, na hasira pia, kwa sababu mtu mzima akitaka kwenda msalani hahitaji kufungua soko.

Mwenye hoteli ya pale, mwanamke mnene mwenye aproni ya bluu, alikuja mwenyewe, akawafukuza watazamaji na kunisukuma hadi uani kwake. Mlango wa choo ulikuwa na kizingiti, akakipanda na kiti changu bila kuniuliza uzito wangu. Tulipotoka alinipa chapati na ndengu. Nilikula ndengu, lakini chai niliikataa. Nilikuwa nimeamua kwamba sinywi hata tone la maji mpaka tufike.

Mwingi mjini

Mbuzi tulinunua Mwingi, watatu, kama desturi inavyotaka. Baba Mumo aliwachagua kwa kuwashika migongo, akichukua muda wake, kwa sababu aibu ya mbuzi mwembamba huhesabiwa kwa baba. Baada ya hapo ikaja hoja ya watapanda wapi. Wazee wa gari la Hamisi walisema wamevaa suti. Syombua akaangalia mlango wa nyuma, akaangalia daraja, akaangalia nafasi kati ya kiti changu na sufuria.

"Hapa wataenea," akasema. "Watapanda wenyewe kwa daraja."

Walipanda kweli, na wa kwanza akaanza kutafuna pindo la lesso yangu.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nikawaambia nimekubali kuwa nyuma ya wajomba, nimekubali kuwa nyuma ya kelele, lakini kukaa zizini sikubali. Nishusheni. Hakuna aliyebisha. Wakateremsha mbuzi, wakaniteremsha, wakapandisha mbuzi. Lile daraja la nyuma liliwafaa mbuzi sana, sina la kulilaumu.

Gari la Hamisi lilikuwa dunia nyingine. Mlango wa ubavuni unasukumwa, daraja linatoka, na kiti kinafungwa katikati, sambamba na viti vya watu. Akina mama wa kanisa walisogea nikakaa bega kwa bega nao, na kabla hatujatoka mjini nilikuwa nimeshapata umbea wote niliokuwa nimeukosa tangu Pangani. Hamisi alikuwa akijisifu huku akinitazama kwenye kioo.

"Mama, ubavuni ni heshima. Nyuma ni mzigo."

"Mbona yote mawili umetengeneza wewe?"

"Fundi hachagui mteja," akasema, akabadilisha gia.

Langoni kwa kina Ndanu

Ndanu ndiye binti tuliyemfuata. Kwao si mbali na mji, lakini kutoka barabara kubwa hadi langoni kuna kinjia kilichopita kati ya nyua mbili za miti ya miiba, upana wake ni wa mkokoteni wa punda. Baba Mumo aliingia mbele na mbuzi. Sisi tukamfuata. Nyuma yetu mzee wa kanisa aliyekuja na gari lake akaingia pia, akalizima, akaweka ufunguo mfukoni, akateremka na kwenda mbele kuimba.

Mnajua lango la ukweni halifunguliwi hivi hivi. Wageni husimama nje wakaimba, wanawake wa boma huimba ndani wakiuliza ninyi ni nani na mnataka nini, na hapo ndipo raha ilipo. Wenzangu wote walishukia milango ya mbele, wakajibana kando ya ua, wakaenda. Hamisi alisukuma mlango wangu. Ukafunguka vizuri, na mbele yangu kukawa na ukuta wa miiba. Daraja halikuwa na pa kutua.

Heshima ya ubavuni ilikuwa imeishia hapo. Kurudi nyuma hatungeweza, kwa kuwa gari la mzee wa kanisa lilikuwa limetuziba na mwenye ufunguo alikuwa katikati ya wimbo. Hata mbuzi walikwama, kwa sababu pua ya gari letu ilikuwa karibu kugusa mlango wao.

Nilikaa pale nikisikia nyimbo. Nilifikiri, basi ndivyo itakavyokuwa. Gari la nyuma linanitupa pamoja na mizigo, la ubavuni linaniacha njiani, na mwanangu anapokelewa bila mama. Machozi yalinitoka, na Hamisi akajifanya anakagua tairi.

Huko kwao Ndanu wana desturi ambayo sikuijua. Baada ya wanaume kujitaja, wanawake wa boma hudai kuisikia sauti ya mama aliyemzaa kijana. Bila sauti yake, lango halisogei. Nikawasikia wanaimba kwa Kikamba, wanauliza yuko wapi mama, au kijana huyu aliokotwa? Upande wetu ukababaika. Syombua akajaribu kujibu kwa niaba yangu, wakamkataa, wakasema hiyo ni sauti ya shangazi.

Mimi niliwahi kuongoza kwaya. Nikashusha kioo cha dirisha, nikavuta pumzi, nikaimba. Nikawaambia mama niko hapa, sikumwokota, nilimzaa mvua ikinyesha, na nimemleta mwenyewe. Sauti haikuwa ile ya zamani lakini ilifika. Nyimbo za pande zote mbili zikakatika.

Baada ya kitambo nikasikia ua unachakarishwa upande wa ndani. Uso wa mwanamke mwenye kitambaa cha manjano kichwani ukajitokeza katikati ya miiba, mkono mmoja ukiwa umezuia tawi.

"Mama Mumo?"

"Ni mimi, mwaitu," nikamjibu, kama tunavyomwita mama kwetu.

Huyo ndiye alikuwa mama yake Ndanu. Alinitazama, akatazama kiti, akatazama daraja lililoning'inia hewani. Hakuuliza nilipatwa na nini, na kwa hilo nitamshukuru daima. Aligeuka akapiga kelele, "Leteni panga!"

Mumewe alikuja na panga lakini alisita. Ua ule ndio unaozuia ng'ombe wa jirani wasile mahindi yake, na mtu hakati ua wake katikati ya sherehe. Mkewe akamwambia utaota tena. Akalichukua panga akaanza kukata yeye mwenyewe, na wanawake wengine wakaja wakikokota matawi, nguo zao nzuri zikishikwa na miiba. Hamisi akashusha daraja. Likatua juu ya udongo wa boma lao.

Hivyo ndivyo nilivyoingia, nikiwa mbele ya mume wangu, mbele ya wazee wenye suti, mbele ya bwana harusi na mbuzi zake. Wenzangu walikuwa bado langoni wakingoja kufunguliwa, nami nikiwatazama kutoka ndani.

Mjadala ulikuwepo, msidhani haukuwepo. Mzee mmoja wa upande wao alisema kupitia uani si jambo jema, wanaopita uani ni wezi na wanyama. Syombua alikuwa amejishika kichwa kule nje, akiona ntheo inaharibika. Mama yake Ndanu alimjibu yule mzee bila kupandisha sauti.

"Hakupita uani. Sisi ndio tumemfungulia mlango."

Mzee akatafakari, akasema kama ni mlango basi ni sawa. Lango nalo likafunguliwa. Tulikula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, pamoja na nyama, tukaonjeshwa asali, na mimi nikanywa vikombe vya chai ambavyo sitavitaja. Mama yake Ndanu alikaa kando yangu muda wote na kunitoa miiba kwenye lesso.

Kurudi

Siku iliyofuata Mumo aliendesha gari la nyuma na shangazi yake. Baba Mumo alikuwa amechoka, akaja kukaa kwenye gari la Hamisi, kiti cha kando yangu. Tangu niugue hatujawahi kukaa hivyo safarini. Daima yeye anaendesha, nami nimelazwa nyuma.

Tulipopita Matuu aliniuliza, "Umeshaamua?"

"Wewe niambie kwanza mbona unang'ang'ania nyuma."

"Mumo akioa atahama. Tutabaki mimi na wewe. Ukiwa na mlango wa nyuma nitakushusha pale pale nyumbani peke yangu. Ukiwa na wa ubavuni, gari litabaki kona ya barabara, nikusukume kwenye yale matope. Na mgongo wangu nao si wa jana. Siku nikishindwa kukusukuma, nitafanya nini?"

Kumbe mwenzangu alikuwa na hofu, nami wiki zote zile nilidhani ni ubishi wa madereva. Nilimshika mkono. Alilosema lilikuwa kweli tupu. Tukaongea mengine. Tuliongea juu ya Ndanu, juu ya mbuzi, juu ya lile jembe la Matuu, tukacheka kama vijana. Karibu na Thika usingizi ukamchukua, na kichwa chake kikaja taratibu hadi begani kwangu, kikatulia.

Sikujitikisa. Bega lilikufa ganzi mpaka Pangani na sikulisogeza. Hamisi alituona kwenye kioo akapunguza mwendo penye matuta.

Siku ya fundi tulikwenda karakana wote wawili. Gari letu lilikuwa limefunguliwa viti, na Hamisi alikuwa na chaki mkononi.

"Haya Mama, tunakata wapi?"

"Ubavuni," nikasema. "Nataka kukaa na watu, si na sufuria."

Baba Mumo alinitazama. "Na kibanda cha Mama Atieno? Na ile kona?"

"Utanisukuma kutoka konani. Ukichoka tutasimama."

"Na mvua ikinyesha?"

"Tutalowa," nikamwambia. "Mimi na wewe."

Alitikisa kichwa, akacheka. Kisha akamnyang'anya Hamisi chaki, akainama polepole akishika mgongo, akauchora mstari yeye mwenyewe.